Dadangu anahamia Tokyo, hii Chuo Line ya asubuhi inavumilika kweli?

Mtu_wa_Lanet (Nakuru)

Salamu wadau. Niko na maswali mawili na najua humu kuna watu wameishi Japani na wengine wamefanya kazi ya reli maisha yao yote, kwa hivyo naomba msaada na msinicheke. Dadangu wa mwisho amepata nafasi shule ya lugha Tokyo, anaanza mwezi wa nne, shule iko mwendo wa miguu kutoka stesheni ya Shinjuku. Vyumba vya karibu na hapo havishikiki, kodi ukiibadilisha kwa shilingi unaona afadhali ununue ng'ombe kila mwezi. Ajenti amemtumia viwili tu vya kuangalia. Kimoja kiko Koenji lakini ni kadogo, kitanda kikiingia wewe unabaki nje, kingine kiko Toyoda, ni kikubwa kidogo na bei imeshuka lakini kwa ramani naona ni mbali sana. Vyote viko kwa reli moja inaitwa Chuo Line, zile treni za mstari wa rangi ya chungwa.

Shida ni mama. Jirani amemwonyesha video kwa simu, watu wanasukumwa ndani ya treni na wafanyakazi wamevaa glavu nyeupe mpaka mlango ukubali kufunga, na tangu siku hiyo anauliza kama mtoto wake atarudi na mbavu zote. Nimemwambia hiyo ni video ya kitambo, haskii. Kwa hivyo swali la kwanza, asubuhi hiyo laini inavumilika? Na ni wewe ungechukua Koenji ama Toyoda?

Swali la pili ni ubishi wa nyumbani. Kaka yetu mkubwa yuko Kisumu na anasema Wajapani wanabeba watu wengi hivyo kwa sababu reli yao ni pana kama SGR, ati hii nyembamba yetu ya kutoka hapa Nakuru ikipita Njoro, Molo, Londiani mpaka Kisumu haiwezi kazi kama hiyo hata uifanyie nini. Mimi nilisoma mahali kwamba hiyo ya Chuo nayo ni nyembamba. Tumewekeana mbuzi, tena si mbuzi mdogo, kwa hivyo atakayejibu ajibu kama ameshika Biblia.

NyarKano (Kisumu)

Mwambie mama apumue. Mimi nilikaa Kokubunji, hiyo hiyo Chuo Line, nikienda Shinjuku kila siku ya kazi mpaka niliporudi Kisumu, na mbavu ziko zote.

Lakini sitakudanganya kwamba ni raha. Serikali ya huko inapima msongamano kwa asilimia na wana maelezo yake kabisa. 100 maana yake kila mtu ana kiti, ama kishikizo cha juu, ama nguzo ya mlangoni. 150 bado unafungua gazeti vizuri. 180 lazima ulikunje ndio usome. 200 miili inabanana na unasikia ule uzito lakini gazeti dogo la wiki unaweza kulishika mbele ya uso, na 250 mkono ukishakwama mahali umekwama, treni ikiyumba mnayumba wote. Sasa Chuo Line ya Rapid, yaani zile treni za haraka zinazoruka baadhi ya stesheni, kipande cha kutoka Nakano kuingia Shinjuku, mwaka 2019 ilikuwa 184. Baada ya korona imeshuka maana watu wengi walizoea kufanyia kazi nyumbani. Kwa hivyo siku hizi ni kubanana kwa kawaida, si kuvunjana. Wale wa glavu wapo kwa stesheni kubwa lakini kazi yao sanasana ni kuangalia mkoba ama koti isibaki imebanwa na mlango.

Saa mbaya ni kuanzia saa moja na nusu hadi saa mbili na nusu hivi asubuhi. Kabla ya hapo ama baada ya hapo unasimama bila mtu kukupumulia shingoni.

Mambo ambayo hakuna mtu atamwambia mpaka ayaone mwenyewe: mkoba wa mgongoni anauvaa mbele ama anauweka kwa rafu ya juu. Akiingia asisimame mlangoni, aingie ndani kabisa katikati ya viti, kule kuna hewa. Na akijikuta mlangoni na treni imefika stesheni ambayo si yake, ashuke. Hii ndiyo ilinishangaza sana. Nakumbuka Mitaka, mlango unafunguka, mzee mmoja wa suti aliyekuwa ameganda kwa kioo anatoka nje, anasimama pembeni ya mlango kama bawabu, watu wanamiminika, wale wa kupanda wako kwa mistari yao iliyochorwa chini na hakuna hata mmoja anasogea, wakiisha kushuka yule mzee anarudi wa kwanza na hakuna anayemwambia ameruka foleni. Yote hayo bila mtu kufungua mdomo. Hakuna mtu wa kuita abiria na hakuna anayeongea kwa simu, treni imejaa pomoni na unasikia tu kiyoyozi.

Kitu kingine kitamfurahisha mama, asubuhi siku za kazi treni zinazoenda mjini huwa na behewa la wanawake peke yao, ni lile la kwanza mbele kabisa. Limechorwa kwa platifomu, hawezi kulikosa.

Sasa Koenji ama Toyoda. Koenji ni kama kilomita 6 kutoka Shinjuku, dakika saba hivi umefika, lakini utapanda treni ikiwa imeshashiba tangu Hachioji na Tachikawa na Mitaka na unaingia hapo ndipo inajaa zaidi. Toyoda ni kama kilomita 33, ni robo tatu ya saa hivi, LAKINI Toyoda kuna depo. Asubuhi kuna treni zinaanzia pale pale zikiwa tupu. Ukijua ile inayoanzia hapo ni ya saa ngapi unapanga laini mapema kidogo, unaingia unakaa, unafungua kitabu chako cha kanji, zile herufi zao, na unafika Shinjuku umesoma. Wenzako waliopandia njiani wamesimama juu yako wote. Mimi ningechukua Toyoda bila kufikiria mara mbili.

Mambo ya upana wa reli nawaachia wazee wa reli.

Makanga_Mstaafu (Kakamega)

Eti unashuka ili wengine washuke halafu unarudi na nafasi yako iko? Hapa steji ukishuka umeshuka, gari imeenda na chenji yako 😂

Nauliza tu nielewe. Hizo treni zinakuja baada ya dakika ngapi, na nani analipa nauli ya kwenda kilomita 33 kila siku kwenda na kurudi. Mimi nimefanya kazi ya gari miaka mingi, abiria wa mbali ndio wanakulipa mafuta lakini pia ndio wanaolia sana. Huko hawalii?

Mzee_wa_Signali (Nakuru)

Mwanangu wa Lanet, mwambie kaka yako afungue mbuzi.

Chuo Line ni milimita 1067. Yetu hii ya zamani ni 1000 kamili. Tofauti ni sentimita 6.7, haifiki hata urefu wa kidole chako cha kati. SGR ni 1435, na huko Japani upana huo ndio wa Shinkansen, zile treni za mwendo wa risasi, ambazo ni kitu kingine na reli yake ni nyingine. Reli ya kwanza ya Japani ilifunguliwa 1872 kati ya Tokyo na Yokohama, wahandisi walikuwa Waingereza na wakawekewa hiyo 1067, na mpaka leo sehemu kubwa ya treni za kawaida za nchi hiyo zinapita hapo. Hata kwa umri hatuachani sana. Kipande cha Shinjuku mpaka Tachikawa kilifunguliwa 1889 na kampuni ya watu binafsi, serikali ikakichukua 1906. Yetu ilianzia Mombasa 1896 ikafika hapa Nakuru 1900 na Kisumu 1901. Kwa hivyo ni watu wa rika moja, tofauti ni vile mmoja alilelewa.

Nimefanya kazi ya reli mpaka nikastaafu na kuna wakati nilipelekwa kozi fupi huko, kwa hivyo haya niliyaona kwa macho. Upana hauna neno. Neno ni mambo matatu ama manne na nitayaeleza polepole kwa sababu vijana mnapenda kuambiwa "teknolojia" halafu mnanyamaza.

La kwanza ni idadi ya njia. Sisi kutoka hapa mpaka Kisumu ni njia moja. Treni ikitoka Kisumu na nyingine ikitoka Nakuru lazima moja iingie kwa lupu, ile njia ya pembeni, stesheni fulani, isimame, ingoje mwenzake apite, halafu ipewe ruhusa. Hata uwe na treni mia, hiyo njia itabeba chache tu kwa siku. Chuo Line ni njia mbili mwendo wote, na kutoka Ochanomizu mpaka Mitaka ni nne, mbili za treni za Rapid na mbili za zile za mstari wa manjano zinazosimama kila mahali. Ya haraka haikai nyuma ya ya pole.

La pili, hakuna injini ya kuvuta. Mota za stima ziko chini ya mabehewa mengi kwa hivyo treni yote inasukuma pamoja, inaondoka kwa nguvu na inashika breki kwa nguvu, na kila mwisho una chumba cha dereva. Ukitaka kuelewa faida yake nenda stesheni yoyote ya mwisho hapa kwetu uangalie treni ya injini ikifika. Injini inafunguliwa, inasonga mbele, inapita njia ya pembeni, inarudi upande wa pili, inaunganishwa, breki zinapimwa upya. Ni kazi nzuri na nimeifanya sana, lakini inakula muda. Sasa stesheni ya Tokyo, ambako Chuo Line inaanzia, wana platifomu moja tu yenye njia mbili, namba 1 na 2, tena iko juu ghorofani kwa sababu mwaka 1995 waliipandisha ili Shinkansen nyingine ipate nafasi chini. Njia mbili tu, na saa ya msongamano treni inaingia kila baada ya dakika mbili hivi. Nilisimama pale mwisho wa platifomu nikaangalia. Treni inaingia, na dereva wa kuirudisha tayari amesimama upande ule mwingine na mkoba wake mkononi, anangoja. Yule wa kwanza hatembei mita mia mbili kuja upande huu, hapana, anashuka pale alipo na atachukua treni inayofuata. Huyu mpya anaingia, ananyoosha kidole kwa kila kitu, saa, breki, signali, anakitaja kwa sauti kana kwamba kuna mtu anamsikiliza, na wanaondoka. Mimi kwa maisha yangu yote ya reli sikuwa nimeona treni ya mabehewa kumi ikigeuzwa haraka hivyo.

La tatu ni milango. Kila behewa lina urefu wa mita 20 na milango minne kila upande. Mabehewa kumi ni milango 40 inafunguka kwa wakati mmoja. Nataka vijana mlielewe hili kwa sababu ndilo kubwa kuliko yote. Treni haicheleweshwi na mwendo, inacheleweshwa na kusimama. Stesheni moja ikichukua dakika moja na nusu kushusha watu, zote zinazofuata nyuma zimekwama. Ndio maana Shinjuku wamefanya ujanja, treni za kwenda Tokyo zina njia mbili, namba 7 na 8, hii ikiwa inashusha upande wa 7 ile inayoifuata inaingia upande wa 8, haingoji. Halafu zinaondoka kwa zamu.

La nne barabara. Kati ya Mitaka na Tachikawa zamani magari yalikuwa yanakata reli chini, na kwa vile treni zilikuwa haziishi, geti lilikuwa halifunguki, mtu anakaa hapo mpaka anazima gari. Wakainua sehemu kubwa ya reli juu ya nguzo na vivuko 18 vikaondolewa, kazi ikamalizika 2010. Angalia sasa hapa kwetu mahali reli na barabara vinakutana ufikirie treni ipite hapo kila dakika mbili.

Kwa hivyo mbuzi ni wako. Lakini kaka yako naye hajakosea sana, hii yetu vile ilivyo leo haiwezi. Ila si kwa sababu ya upana.

Mtu_wa_Lanet (Nakuru)

Mzee asante sana, nimepiga picha ya hilo jibu nikamtumia. Amejibu ati "hiyo ya mwisho ndio nilikuwa namaanisha". Mbuzi ameanza kuyeyuka.

NyarKano (Kisumu)

@Makanga_Mstaafu nauli ndio siri yenyewe omera. Kwa kawaida mwajiri ndiye anakulipia usafiri wa kwenda kazini. Unanunua pasi ya mwezi mmoja, ama mitatu, ama sita, inaandikwa kutoka stesheni yako mpaka ya kazini, na kampuni inakurudishia. Na serikali haikati kodi kwa hiyo pesa ya usafiri mpaka yeni 150,000 kwa mwezi. Ndio maana mtu anaweza kukaa kilomita 40 nje ambako nyumba ni nafuu na haoni uchungu kwa mfuko, uchungu anausikia miguuni. Na hiyo pasi ukishakuwa nayo unashuka na kupanda stesheni yoyote ya katikati bure, mimi nilikuwa nashuka Kichijoji kununua mboga kila wakati.

Dada wa Lanet asikimbilie ile pasi ya bei ya wanafunzi. Aulize shule yake kwanza, kwa sababu shule nyingi za lugha hazihesabiwi kwa hiyo punguzo na utajikuta unalipa kama mtu mzima. Hiyo inaweza kubadilisha hesabu yote ya Toyoda. Akose kuuliza halafu aje kulia huku.

Omwami_wa_Mbale (Vihiga)

Mulembe wote. Mzee ameongea ya reli vizuri lakini ameacha nyumba na maduka, na mimi naona hapo ndipo pesa iko. Shinjuku ni stesheni ambayo Guinness waliandika ndiyo yenye watu wengi zaidi duniani, kabla ya korona ilikuwa zaidi ya milioni tatu na nusu kwa siku ukijumlisha kampuni zote za treni zinazokutana pale. Sasa hiyo kampuni ya Chuo Line, JR East, haikungoja hao watu wapite tu. Majengo ya maduka yanayoitwa Lumine yaliyo juu na pembeni ya stesheni ni ya kampuni tanzu yake. Hata chini ya zile nguzo mzee amesema, za Mitaka kwenda Tachikawa, wameweka maduka na mikahawa. Mtu akishuka treni mkate anaununua kwa mwenye treni.

Kampuni za binafsi zilianza hiyo kitambo, huko Osaka kuna Hankyu, ilifungua reli yake 1910 ikauza mashamba ya nyumba kando ya reli hiyo hiyo, halafu 1929 ikafungua duka kubwa juu ya stesheni ya mwisho mjini. Yaani reli ilikuwa ya kuleta wateja.

Angalia Kisumu sasa. Stesheni iko chini huko upande wa bandari na magari yote yanapakia juu. Ukishuka treni na mzigo unaanza kutafuta tuktuk. Hakuna mtu anakuuzia hata chai hapo katikati isipokuwa mama mmoja na birika lake. Na huyo mama ndiye anaelewa biashara ya reli kuliko wote.

Makanga_Mstaafu (Kakamega)

Hiyo ya mwajiri kulipa ndio imenimaliza. Yangu alikuwa ananilipa na mandazi.

Sasa na mwenye pesa zake anasimama pia kama kila mtu? Hakuna VIP?

Mzee_wa_Signali (Nakuru)

Ipo sasa. Kuanzia Machi 2025 wameongeza mabehewa mawili ya ghorofa kwa treni za Rapid, namba 4 na 5, yanaitwa Green Car, viti vya kuegemea na meza. Treni zikawa mabehewa 12 badala ya 10, na hiyo si kazi ndogo, maana ilibidi platifomu zirefushwe na njia nyingine zisogezwe. Ukitumia kadi ya nauli unaongeza yeni 750 juu ya nauli mpaka kilomita 50. Kutoka Toyoda mpaka Shinjuku uko ndani ya hizo 50.

Kitu kilichonifurahisha ni mlango wake. Treni nyingine za mjini huko zenye Green Car zilikuwa na mlango mwembamba wa upande mmoja, lakini kwa Chuo wakaweka mpana unaofunguka pande mbili. Unaona vile wanafikiria? Hata tajiri akishuka asicheleweshe wenzake nyuma.

Dada_wa_Milimani (Kisumu)

Mimi napinga Toyoda. NyarKano ameongea kama mtu wa ofisi anayerudi jioni na mapema. Mwanafunzi wa lugha atafanya kazi ya masaa machache usiku, hoteli ama duka, wote wanafanya. Nilikuwa huko na nilikuwa namaliza kazi saa tano na nusu usiku. Treni za mwisho zinaisha karibu saa saba usiku na hakuna nyingine mpaka saa kumi na nusu alfajiri. Ukiwa wa Koenji na ukikosa treni unaweza hata kutembea, ni mbali lakini unafika. Ukiwa wa Toyoda na ukikosa, teksi itakula mshahara wa wiki, kwa hivyo unalala kwa kiti cha saiba mpaka asubuhi.

Na Koenji wikendi ajue kitu kimoja, Jumamosi na Jumapili treni za Rapid hazisimami hapo, wala Asagaya, wala Nishi-Ogikubo. Utaisimamia platifomu uone imepita na upepo wake. Apande ile ya manjano, hiyo inasimama, na inamfikisha Shinjuku vizuri tu.

NyarKano (Kisumu)

Dada wa Milimani hapo kwa kazi ya usiku nakubaliana na wewe. Kama atafanya kazi Shinjuku mpaka usiku wa manane basi Koenji. Kama atatafuta kazi huko huko karibu na nyumba, na Tachikawa iko stesheni mbili tu kutoka Toyoda na ni mji mkubwa una kila kitu, basi Toyoda bado.

Na hatari ya usiku si kukosa treni peke yake, ni kulala ndani yake. Chuo Line inaenda moja kwa moja mpaka Takao, kilomita 53 kutoka Tokyo, na nyingine zinapitiliza mpaka Otsuki huko milimani. Mtu amechoka, amekaa, behewa lina joto, anafumba macho Mitaka anafumbua Takao na hakuna treni ya kurudi. Inatokea sana mpaka kampuni ya mabasi ya huko, Nishi Tokyo Bus, mwezi wa Desemba wakati wa sherehe za mwisho wa mwaka huwa inatoa basi la usiku kutoka Takao kurudisha waliolala mpaka Hachioji. Ni basi la waliopitiliza, na watu wanalipanda bila aibu. Mama asiambiwe hii.

Makanga_Mstaafu (Kakamega)

Basi la waliolala 😂😂 hii biashara kwa nini sikuifikiria, pale Mbale ningejaza kila Ijumaa

Mtu_wa_Lanet (Nakuru)

Mama ameshaambiwa, amesoma kila kitu juu ya bega langu. Amesema behewa la wanawake liko sawa, na kuhusu usiku mtoto hajaenda kufanya kazi ameenda kusoma. Mjadala huo tumeuacha hapo.

Dadangu mwenyewe amesoma pia na naona anaelekea Toyoda kwa sababu ya kiti, lakini amesema shule haijamjibu kuhusu pasi. Swali la mwisho halafu niwaache. Tangazo la hicho chumba linasema ni "dakika 14 kwa miguu kutoka stesheni". Hizo dakika ni za kweli ama ni kama zile za ajenti wa hapa, unaambiwa dakika tano kutoka lami na unatembea mpaka viatu vinaomba likizo?

Dada_wa_Milimani (Kisumu)

Huko kuna kanuni, dakika moja ya tangazo ni mita 80. Kwa hivyo 14 ni kama kilomita moja na mita mia moja hivi. Mita hizo zitakuwa za kweli, lakini kanuni haihesabu mlima wala kungoja taa za barabarani, na Toyoda ina miinuko. Wala haihesabu ngazi za kupanda mpaka platifomu, maana wanapima mpaka mlango wa stesheni. Afungue ramani ya picha za barabarani atembee nayo kutoka kwa hicho chumba mpaka stesheni kabla hajatuma hata yeni moja. Akiona kilima, aongeze dakika tano, na hizo tano azitoe kwa usingizi, maana ile treni inayoanzia hapo ikiwa tupu haitamngoja.